Uzi: Plasmidi ya protini yenye tagi kwa seli za mamalia. Tusome mshono kabla ya kuagiza

Mwana_Loleza (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Vijana wa vyuo vya hapa Mbeya na Iringa wamekuwa wakinijia inboksi na swali lile lile, nimeona bora tulimwage hapa wote tufaidike. Wanataka plasmidi, yaani duara dogo la DNA, ya kutengenezea protini ya kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika ndani ya seli za mamalia, protini hiyo iwe na tagi, halafu waitumie kupima kama damu ya nguruwe ina kingamwili. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini sababu haihitaji hotuba. Huku nguruwe ndiyo ada ya mtoto, na homa ikiingia kijijini mabanda yanabaki matupu. Mwaka 2010 ilipiga Kyela, na kirusi kilipochunguzwa vinasaba kikakutwa ni cha jenotaipu ya II, kundi lile lile lililoingia Georgia mwaka 2007 kisha likasambaa Ulaya na Asia.

Kabla hamjaja na "mnatuletea kirusi mjini": plasmidi hii haina kirusi. Kirusi kizima kina DNA ya herufi kati ya 170,000 na 190,000 hivi, na jeni zaidi ya 150. Hapa tunachukua jeni moja yenye herufi zisizofika 700. Peke yake haiwezi kumuumiza nguruwe yeyote, na homa yenyewe haimshiki binadamu.

Jeni hiyo ni CP204L. Majina ya jeni za kirusi hiki yanasomeka ukishajua mtindo wake: herufi za mwanzo zinataja kipande cha DNA ambamo jeni imo, 204 ni idadi ya asidi amino, na L ni uelekeo wa kusomwa, yaani kushoto. Protini inayotoka ndiyo p30, wengine huiita p32. Kirusi huitengeneza mapema sana kikishaingia kwenye seli, na nguruwe aliyenusurika huwa na kingamwili za kutosha dhidi yake. Ndiyo maana wapimaji wanaikimbilia.

Tuje kwenye plasmidi. Wengi mnachukua pcDNA3.1, duara la herufi kama 5,400, na sioni ubaya. Ina promota, yaani swichi ya kuwashia jeni, ya CMV, kirusi cha binadamu ambacho promota yake ina nguvu ya ajabu. Ina alama ya kumalizia ya BGH, iliyotoka kwenye jeni ya homoni ya ukuaji ya ng'ombe. Ina jeni ya kuhimili ampisilini ili bakteria wenye plasmidi wabaki na wasiokuwa nayo wafe, na jeni nyingine inayoziwezesha seli za mamalia kuhimili G418. Hivyo vyote vimefanya kazi maabara za dunia nzima kwa miaka. Msikeshe navyo.

Mnapotakiwa kukesha ni kwenye mshono, pale tagi inapokutana na jeni. Mimi ningeuandika hivi:

GCC ACC ATG GAT TAC AAG GAT GAC GAC GAT AAG GGA TCC ...

Someni taratibu. GCC ACC inaiandalia njia ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, ijue kwamba ATG inayofuata ndiyo ya kuanzia. Ni mfuatano wa Kozak, kwa jina la Marilyn Kozak aliyeuchambua. Herufi inayofuata baada ya ATG ni G, na hiyo G nayo inasaidia, bahati nzuri tagi yetu, FLAG, inaanza nayo. Kuanzia GAT hadi AAG ya mwisho ni kodoni nane (kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja), ndiyo tagi ya FLAG nzima: DYKDDDDK. GGA TCC ni sehemu kinapokata kimeng'enya cha BamHI, na papo hapo inasomeka glaisini na serini, asidi amino mbili ndogo zinazoipa tagi nafasi ya kujigeuza. Baada ya hapo inaanza CP204L, lakini kuanzia kodoni yake ya pili. ATG yake ya asili naitoa, maana ukiiacha baadhi ya ribosomu zinairuka ya kwanza na kuanzia hapo, unapata p30 nyingine isiyo na tagi imechanganyikana na unayoitaka.

Ukiteleza herufi moja kwenye huo mshono ni kama kukosea kifungo cha kwanza cha shati: vyote vinavyofuata vinakaa pabaya, hadi ribosomu ikutane na kodoni ya kusimamia mahali isipotakiwa. Na ukiangalia ramani ya duara kwenye kompyuta utaona mishale imepangika vizuri tu, rangi zinapendeza. Ramani haikuonyeshi fremu, yaani herufi zinavyogawanywa tatu tatu. Herufi ndizo zinaonyesha.

Msimamo wangu: kwa p30, tagi ikae mbele, FLAG, na mshono usomwe herufi kwa herufi kabla hujalipa senti. Wenye kupinga karibuni.

---

Kitimoto_Baridi

Nimefungua uzi nikijua ni wa kitimoto, nakuta DNA. Haya, siti ya nyuma nimeshaikamata. Mkuu, sisi wa Mwanjelwa tuambie, hiyo tagi kazi yake nini?

---

Mwana_Loleza

Kitimoto, karibu. Tagi ni kipande kifupi cha asidi amino unachokiunganisha kwenye protini yako ili uweze kuiona na kuivuta. Seli moja ina maelfu ya protini, utaijuaje ya kwako? Kingamwili ya p30 kuipata dukani ni shughuli, lakini kingamwili inayoshika FLAG inauzwa kila mahali. Ukishaibandika kwenye shanga, unamwaga juisi ya seli, p30 inanasa, zingine zinapita.

---

Binti_Ipogolo

Kamwene kaka Loleza, kamwene wote.

Mimi ni mmoja wa waliokuja inboksi, na msimamizi wangu hakubaliani nawe. Yeye anataka tagi ikae nyuma, mwisho wa protini. Hoja yake: ukiiona tagi ya mwisho kwenye westani bloti (kipimo cha kuionyesha protini kwa kingamwili), una uhakika ribosomu imefika mwisho, protini ni nzima. Tagi ya mbele inaweza kukuonyesha hata vipande vilivyokatikia njiani.

Pia nina swali. Vekta (plasmidi ya kubebea jeni) anayoitaka ina tagi mbili nyuma, myc na histidini sita, na inauzwa kama A, B na C. Nichukue ipi? Muuzaji ananiambia zote sawa.

---

Mwana_Loleza

Kamwene dada. Msimamizi wako ana hoja nzito, siipingi. Kwa protini nyingi ningemfuata. Zile zenye kipande cha mbele cha kuzielekeza nje ya seli, kwa mfano, ukiweka tagi mbele yake kabisa unaweza kukiziba kile kipande, na hata kisipozibwa kikikatwa tagi inaondoka nacho. Huko tagi ya nyuma inashinda bila mjadala. Ila p30 haina kipande hicho, kwa hiyo mbele hapazuii kitu.

A, B na C si sawa hata kidogo. Zinatofautiana fremu. Tagi ile ile, promota ile ile, lakini kati ya sehemu za kukatia na tagi idadi ya herufi inatofautiana ili mtu yeyote, kwa kimeng'enya chochote alichochagua, apate moja inayomfaa. Mbili kati ya hizo zitakupa p30 inayofuatiwa na takataka. Chukua mfuatano wa kila moja, unganisha na jeni yako kwenye kompyuta, tafsiri, uone ipi inafika EQKLISEEDL, yaani tagi ya myc. Hiyo ndiyo yako.

Na kodoni ya kusimamia ya CP204L uitoe. Ukiiacha, ribosomu inashuka kabla ya tagi, utatengeneza p30 safi kabisa ambayo kingamwili yako haiioni. Watu wanalia "haijatoka, haijatoka", kumbe imejaa mle ndani.

---

Mstaafu_Tukuyu

Vijana wangu, mnaenda mbali bila sababu. Enzi zetu protini ndogo kama hiyo tungeitengeneza kwa E. koli, chupa ya lita moja, kesho unavuna. Hakuna seli za mamalia, hakuna inkubeta ya gesi, hakuna seramu ya ndama ya bei ya dhahabu. p30 hata kwenye bakteria inatoka. Nani kawadanganya kwamba lazima mamalia?

---

Binti_Ipogolo

Shikamoo mwalimu.

Hakuna aliyetudanganya, tumelipima. Damu ya nguruwe imejaa kingamwili dhidi ya E. koli, maana nguruwe anaishi nayo tumboni. Ukisafisha p30 kutoka kwa E. koli, yakibaki mabaki kidogo tu ya bakteria, nguruwe mzima asiye na homa anaonekana anayo. Kwenye seli za mamalia hilo linapungua sana. Pili, p30 ni protini inayobandikwa fosfeti, na bakteria hawaibandiki kama seli ya mnyama inavyofanya.

---

Mstaafu_Tukuyu

Marahaba. Hoja ya kwanza nimeipokea. Ya pili sijaona kama kingamwili za nguruwe zinajali hizo fosfeti. Na mabaki ya bakteria yana dawa: damu unaichanganya kwanza na juisi ya E. koli tupu, kingamwili zote za E. koli zinamalizika huko, ndipo unapima. Kwa bajeti ya chuo cha huku ningeanzia huko. Ila endeleeni, plasmidi ni nzuri kujifunza. Ndaga fijo.

---

Mwana_Loleza

Mwalimu, hapo kwenye bajeti umenikaba na sina pa kukimbilia. Ninayeshauri mamalia ni kwa anayetaka p30 iwe karibu na ile ya kirusi, na ambaye tayari ana pa kukuzia seli.

Kwa kuwa tunapima damu ya nguruwe niongeze hili: msitumie tagi ya HA. Ni nzuri, ni fupi, asidi amino tisa, YPYDVPDYA. Lakini imekatwa kutoka hemaglutini ya kirusi cha mafua ya binadamu, na nguruwe nao wanaugua mafua. Kwa nini umpe nguruwe sababu ya pili ya kuitika? FLAG ni ya kubuni, nguruwe hajawahi kukutana nayo. Halafu HA ina tabia nyingine: seli zikianza kufa, vimeng'enya vya kaspasi vinaikata, tagi inapotea wakati protini ipo.

---

Fundi_Gangilonga

Nimesoma yote, mmeongea herufi tu. Mimi ni wa mashine. Naomba mnisikilize kuhusu mwinuko.

Mbeya mjini mko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, sisi Iringa kama 1,550. Vitabu vyote vya maabara vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Hewa ya Mbeya ina shinikizo la kilopaskali 83 hivi, kule chini ni 101. Sasa fuateni.

Otoklevu ya zamani, ile ya geji na kifuniko cha kukaza kwa mkono. Kitabu kinasema paundi 15 kwa dakika 15, utafika nyuzi 121. Huku geji ikionyesha 15 ndani mko nyuzi 118 hivi, kwa sababu geji inahesabu kuanzia hewa ya nje, na hewa ya nje ni nyepesi. Pandisheni hadi 17 na nusu, kama mashine inaruhusu shinikizo hilo, isiporuhusu ongezeni muda. Za kisasa zinapima joto lenyewe, hizo hazina shida. Chakula cha bakteria kikiharibika mara kwa mara, msiilaumu ampisilini kwanza.

Inkubeta ya kabonidioksidi. Asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi pungufu. Ili seli zipate kiasi kile kile cha usawa wa bahari, Mbeya mweke kama asilimia 6. Tofauti kwenye pH ya chakula cha seli ni kama 0.1, haiui seli. Lakini wale mnaopitisha plasmidi kwa njia ya kalsiamu fosfeti, 0.1 mnaihisi, maana chembe za fosfeti zinajiunda vizuri au vibaya kulingana na pH, na bafa yenyewe inatakiwa 7.05, si "saba na kitu".

Na ile ya kuchemsha sampuli kwa nyuzi 95 kabla ya kuingiza kwenye jeli: maji ya Mbeya yanachemka kwenye 94. Ukiweka kipasha joto 95, vifuniko vya vijirija vinaruka na sampuli inatapakaa ukutani. Wekeni 90 muongeze muda kidogo.

---

Kitimoto_Baridi

Fundi kanifumbua macho. Ndiyo maana maharage ya Mbeya hayaivi.

---

Fundi_Gangilonga

Ndiyo hiyo hiyo sababu. Nunua presha kuka.

---

Mdau_Forest

Mkuu Loleza, mimi nilishapata plasmidi yenye FLAG mbele na CP204L, nikaiingiza kwenye seli za binadamu za HEK293T. Mkanda umetokea, lakini uko kwenye kilodaltoni (elfu za daltoni) 31 au 32. Nimepiga hesabu: asidi amino 204 kwa wastani wa daltoni 110 ni kama 22,400, ongeza FLAG 1,000. Inatakiwa 23 au 24. Ina maana nimepata protini nyingine?

---

Mwana_Loleza

Hapana. Jina p30 lilitoka kwenye jeli, si kwenye hesabu. Protini hii imekuwa ikipanda juu kuliko uzito wake tangu ilipoanza kuonekana, ndiyo maana wengine waliiita p32. Mkanda wako upo pale pale wenzako wanapouona. Ungekuwa kwenye 24 ndipo ningekuuliza maswali.

Unachohitaji ni kontroli: seli zile zile, siku ile ile, zimepewa pcDNA3.1 tupu. Kama mstari wa tupu ni mweupe pale kwenye 31, shughuli imeisha. Kama nao una mkanda, hiyo ni kingamwili inashika kitu cha seli.

Umefanya vizuri kutumia HEK293T. Zilizotangulia, HEK293, zilitoka Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, na 293 ni namba ya jaribio la Frank Graham. Zenye T zimeongezewa protini ya kirusi cha SV40, na kwa kuwa pcDNA3.1 ina mahali pa kuanzia kunakili pa SV40, plasmidi inaongezeka humo ndani ya seli kwa siku chache. Mavuno yanapanda bila wewe kuongeza kitu.

---

Nucleo_Mlandege

Nachomekea jambo ambalo halijasemwa, na ndilo lililokwamisha watu wengi wenye jeni za virusi vya namna hii.

Kirusi cha homa ya nguruwe kinanakili jeni zake kwenye saitoplazimu, kwa vimeng'enya vyake chenyewe. Mjumbe wake wa RNA hapiti kwenye mashine ya kiini inayokata introni, vipande vya kati vinavyoondolewa kabla ya protini kutengenezwa. Sasa nyinyi mnaichukua jeni hiyo mnaipeleka ndani ya kiini, chini ya CMV. Kule kuna mashine inayotafuta alama za kukatia, na jeni ambayo haijawahi kuishi na mashine hiyo inaweza kuwa na herufi zinazofanana na alama hizo kwa bahati tu. Kipande cha katikati kinakatwa. Plasmidi mliyosoma iko sahihi kabisa, mshono umekaa, na protini hamna au imetoka fupi.

Dawa: msiitoe jeni kwenye DNA ya kirusi kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA). Agizeni iliyotengenezwa upya, kodoni zimebadilishwa kufuata za mamalia bila kugusa asidi amino, na programu ikague alama za kukatia. Faida ya pili, hamhitaji hata tone la kirusi halisi, ambalo maabara ya kawaida hairuhusiwi kulishika.

---

Binti_Ipogolo

Hii nimeichukua yote. Ya kwetu ilikuwa itoke kwenye PCR.

---

Mfugaji_Makambako

Samahani wataalamu, naingia na gumboot. Nimesoma nusu nimeelewa robo. Hiyo p30 itakuwa chanjo? Maana huku karantini ikitangazwa hatuuzi, nguruwe wanakula tu, pumba zimepanda.

---

Mwana_Loleza

Mzee wangu, sitakupa matumaini hewa. Hii si chanjo. Nguruwe waliochomwa p30 peke yake hawajawahi kulindwa vya kutegemewa, kirusi hiki kina mbinu nyingi. Hii ni ya kupimia: kujua nani amewahi kuambukizwa akapona, ili ujue kirusi kinazunguka wapi. Kwenye banda lako dawa bado ni zile zile unazozijua, mabaki ya nyama mbichi yasiingie bandani, nguruwe wa jirani asiingie, mchuuzi abaki nje ya uzio na viatu vyake.

---

Mfugaji_Makambako

Umesema ukweli, nashukuru. Mkitaka damu ya kujaribia njooni na daktari wa mifugo wa wilaya, nguruwe ninao.

---

Binti_Ipogolo

Asante mzee, tutakuja tukishapata kibali.

Kaka Loleza, swali la mwisho. Seli zetu zitakuzwa Morogoro, huku Iringa tutaandaa plasmidi tu. Friza yetu ya nyuzi hasi 80 umeme ukikatika usiku hatuiamini. DNA itafika?

---

Mwana_Loleza

DNA ndiyo kitu kigumu kuliko vyote ulivyonavyo. Bakteria wa kupokelea plasmidi wakiyeyuka wamekwisha, lakini plasmidi yenyewe ikishasafishwa inakaa friji ya kawaida. Kwa safari idondoshe kwenye karatasi ya kuchujia, ikauke, izungushie penseli mahali ilipo, weka kwenye bahasha, ipande basi la asubuhi. Morogoro watakata ile duara, waloweshe kwenye bafa ya TE, waipe bakteria waizalishe upya. Wakishaizalisha waisafishe kwa kiti inayoondoa endotoksini, seli za mamalia hazipendi mabaki ya ukuta wa bakteria.

---

Binti_Ipogolo

Basi tumekubaliana na msimamizi: jeni ya kutengenezwa upya, FLAG mbele, na nyuma hatuweki kitu kwa sasa. Nimepata mfuatano wa awali kutoka kwa kampuni, nimeambatisha picha ya ramani hapa chini mniangalizie.

---

Nucleo_Mlandege

Dada, picha ya duara hatuisomi. Weka faili lenye herufi zote, kuanzia CMV hadi mwisho wa BGH.

---

Binti_Ipogolo

Nimeweka. Tafadhali angalieni herufi baada ya GGA TCC, naona kama wameirudisha ile ATG.

---

Mwana_Loleza

Wameirudisha kweli. Waandikie leo kabla hawajaanza kutengeneza.